Masta ya Kuuliza Maswali: Kabla Mzee Auze Ng'ombe Uende Kusomea Dizaini London, Cheki Hapa Eldy Kwanza

Kuna group ya WhatsApp ambayo familia nyingi hapa Uasin Gishu zimewahi kuwa nayo. Inafunguliwa na anko mmoja mwenye bidii, picha ya group ni ndege, na ujumbe wa kwanza ni namba ya kutuma mchango. Mtoto wetu amepata chuo majuu, tushikane mikono. Kogo anatuma mia tano, binamu wa Nakuru anatuma emoji za maombi, na mzee anaenda nyuma ya nyumba kuhesabu ng'ombe.

Sasa chukulia huyo mtoto ni wewe. Umemaliza digrii ya dizaini, umechora mabango ya krusedi na logo za bucha za Langas mpaka mkono ukauma, na umepata barua ya masta kule London. Kosi yenyewe ni dizaini ya kuhoji. Anko anauliza kwa group, mbele ya watu wote: "Sasa hiyo ukimaliza, unakuwa nani?"

Unaandika jibu, unafuta. Unaandika tena, unafuta. Watu wanaona tu "anaandika..." dakika tano.

Manze, swali la anko si la ujinga. Ni swali poa kuliko anavyojua, na kwa mji kama Eldoret, ambao umeumizwa na ndoto ya majuu mpaka kesi ikafika kortini, linastahili jibu la ukweli. Hebu tulichambue polepole.

Dizaini ya kuhoji ni mnyama gani?

Dizaina wa kawaida akipewa kazi ya kutengeneza kiti, anatengeneza kiti. Kiwe poa, kiwe cheap, kisivunjike. Dizaina wa kuhoji anaanza mbali: nani atakaa, nani atabaki amesimama, na ni nani alisema hapa panahitaji kiti? Wakati mwingine anachotengeneza hata hakiuzwi. Kinawekwa mbele ya watu ili waanze kubishana kuhusu kitu ambacho walikuwa wanapita tu kila siku.

Chukua mfano wa karibu na nyumbani. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathon pale Vienna kwa saa 1:59:40. Eldoret nzima ilisimama. Mguuni alikuwa na kiatu cha Nike ambacho dunia iliongea kukihusu karibu sawa na mguu wenyewe. Januari 2020, World Athletics ikaweka sheria kuhusu viatu vya barabarani: soli isizidi milimita 40.

Dizaina wa kawaida anaona soli, povu na sahani ya kaboni. Dizaina wa kuhoji anauliza: miguu inatoka Kaptagat na Iten, jasho linamwagika kwa murram ya hapa, lakini meza ya kuchora kiatu iko Oregon. Nani anaitwa mvumbuzi na nani anaitwa mjaribu tu? Faida inalala wapi? Swali kama hilo ndilo lilizaa kampuni ya Enda, ambayo Navalayo Osembo na mwenzake Weldon Kennedy walichangisha pesa zake mtandaoni mwaka wa 2016 ili kuwe na kiatu cha kukimbia cha Kikenya. Kiatu cha kwanza walikiita Iten. Jina lenyewe lilikuwa hoja.

Kwa hivyo usidhani hii ni falsafa ya kukaa kwa sofa. Ni njia ya kushika kitu, kukigeuza, na kuuliza kimetengenezwa kwa faida ya nani.

Ilianza London ama Nairobi?

Ukisoma vitabu vya majuu, utaambiwa jina hili lilitoka kwa Anthony Dunne, Muingereza aliyelitumia kwa kitabu chake cha 1999. Yeye na Fiona Raby wakaja kulifundisha kwa miaka pale Royal College of Art, London. Kabla yao, mwaka wa 1971, Victor Papanek alikuwa amewachapa dizaina wenzake kwa kuunda takataka za kupendeza za kuuzia wenye pesa wakati watu wengi hawana vitu vya msingi. Leo Goldsmiths, chuo kingine cha London, kina masta ya namna hii kabisa.

Sawa. Lakini kuna jina ambalo wasee wengi wa dizaini Kenya hawajawahi kuambiwa darasani: Selby Mvusi. Alikuwa msanii kutoka Afrika Kusini aliyekuja kufundisha University College Nairobi mwaka wa 1965, kabla hata chuo hicho hakijaitwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Pamoja na mwenzake Derek Morgan, walianzisha kosi ya msingi ya dizaini ya viwandani. Hoja yake, kwa lugha ya mtaa, ilikuwa hivi: Mwafrika hafai kufundishwa dizaini kama mtu wa kunakili vitu vya Ulaya na kuvipaka rangi ya hapa. Aanze kwa kuangalia maisha yaliyo mbele yake, saa hii, mjini na kijijini, na kuuliza yanataka nini.

Mvusi alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka wa 1967, akiwa hata hajafika miaka 40. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 kabla ya kitabu cha Dunne.

Sisemi Waingereza waliiba kitu. Nasema tu kwamba mtu akikwambia kuhoji kupitia dizaini ni mambo ya wazungu waliochoka na starehe, mwambie hiyo gari iliwahi kuwashwa Nairobi mapema sana, na dereva akatutoka mapema.

Eldoret iko na kila kitu isipokuwa darasa

Sasa hapa ndipo stori inakuwa yetu. Eldoret ilipewa charter ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, jiji la tano Kenya. Tukasherehekea, tukapiga picha. Lakini jiji si charter na taa za barabarani pekee. Jiji ni mahali watu wanaweza kujiangalia na kujiuliza wanaelekea wapi.

Tuangalie nguo uliyovaa. Pengine ni mitumba, na si aibu, hata mimi hapa niko na shati ya kamera. Kwenye mji huu huu kuna Rivatex, kiwanda kilichojengwa miaka ya 70, enzi ambazo pamba ya Kenya ilikuwa inaingia mlangoni na kutoka ikiwa kitambaa. Miaka ya 90 soko likafunguliwa, nguo za nje na mitumba zikamwagika, na mwishoni mwa muongo huo Rivatex ikazama. Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Moi kikainunua. Juni 2019, Rais Uhuru Kenyatta akaja kuizindua upya ikiwa na mashine mpya zilizonunuliwa kwa mkopo kutoka India.

Elewa hii kitu vizuri: chuo kikuu kilinunua kiwanda cha nguo. Ni vyuo vingapi duniani vimewahi kuwa na hiyo nafasi? Juu ya hiyo, Moi Uni ikapata kituo cha utafiti cha nguo, dawa za mimea na nishati mbadala, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kinachofundisha masta na PhD. Kwa hivyo wataalamu wa uzi wako. Wataalamu wa rangi wako. Mashine ziko.

Kinachokosekana ni meza moja ambapo mtu anaruhusiwa kuuliza swali lisilo na fomula. Kama vile: mashine mpya zitashindana vipi na shati ya kamera ya shilingi 150? Tukisema mitumba iishe, yule mama anayelisha watoto watatu kwa beli moja ataenda wapi? Mwaka wa 2016 nchi za Afrika Mashariki zilisema zitaondoa mitumba polepole. Marekani ikatishia kuzitoa kwa AGOA. Kenya ikarudi nyuma mwaka wa 2017. Rwanda ikakaza, na mwaka wa 2018 ikanyimwa nafasi ya kuuza nguo kule bila ushuru. Hapo hakuna injinia wa mashine anayeweza kukujibu peke yake. Hilo ni swali la nguo, siasa, tumbo na heshima kwa wakati mmoja.

Na kuna Wakenya walilishika swali hilo kwa mikono. The Nest Collective ya Nairobi, mwaka wa 2022, walialikwa documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka mitano. Walijenga kibanda cha mabeli ya nguo kuukuu na kukiweka kwenye bustani ya kifahari, kazi wakaiita "Return to Sender", yaani irudishiwe aliyetuma. Ndani yake kulikuwa na filamu. Mjerumani akitembea na mbwa wake Jumapili anakutana na ile nguo aliyoitupa akidhani amesaidia Afrika. Hakuna ripoti ya kurasa 200 ingemfikia namna hiyo.

Hiyo ndiyo dizaini ya kuhoji. Beli ni ile ile unayoiona hapa sokoni kila siku. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa na swali lililobandikwa juu yake.

"Tunataka kazi, si maswali"

Najua tayari kuna mtu anasema: buda, vijana wamesota, unatuletea kosi ya kuuliza maswali? Nipe kosi ya kunipa mshahara.

Hoja iko na uzito. Ukisoma masta hii ukitegemea ajira ya moja kwa moja ya ofisini, utaumia. Tangazo la kazi lenye maneno "anatafutwa mtu wa kuhoji" sijawahi kuliona gazetini. Wengi wanaosoma hivi wanaishia kufundisha, kufanya utafiti, kujiajiri, au kuingia kwa mashirika na kampuni zinazotaka mtu wa kufikiria bidhaa kabla haijatengenezwa. Doh inakuja, lakini haiji kwa laini nyoofu.

Lakini kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa mkubwa, wa lugha nzito, umeandikwa kama hautaki usomwe. Vijana wakaufungua. Wengine wakatengeneza programu za kuujibia maswali kwa simu, wengine wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wengine wakachora mabango ambayo hata mtu asiyejua kodi aliyaelewa kwa sekunde tatu. Maelfu wakamwagika barabarani, hata hapa Eldy, na mswada ukaondolewa. Wengine walilipa na maisha yao, na hilo tusilisahau tukisifu ubunifu.

Wale waliochora hawakuwa na masta ya kuhoji. Walijifunza usiku mmoja kwa sababu nyumba ilikuwa inaungua. Swali langu: mbona tungoje moto ndio tujue kipaji kiko? Kipaji bila mahali pa kukomaa kinageuka trend ya wiki mbili, halafu kinarudi kuchora mabango ya krusedi.

Kidonda cha Finland

Hapa sasa niko serious, kwa sababu ndipo mambo haya yanatuuma sisi wa Eldoret zaidi ya wengine.

Mpango wa kaunti wa kupeleka vijana Finland na Canada ulikuja na matumaini makubwa. Wazazi waliuza ng'ombe, mashamba, wengine wakachukua mikopo. Walilipa kupitia mpango huo, si moja kwa moja kwa chuo. Mwishowe kuna vijana hawakuwahi kupanda ndege, na kuna waliofika wakaambiwa karo yao haijaonekana. Mwaka wa 2023 wazazi waliandamana mjini hapa. Agosti mwaka huo kesi ya takriban shilingi bilioni 1.1 ikafika mahakamani, washtakiwa wakakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya korti, si yangu.

Mimi nataka tuangalie kitu kingine: mpango wenyewe ulikuwa dizaini. Mtu alikaa chini akaamua pesa ipitie wapi, risiti iandikwe nini, mzazi apige simu gani akiwa na wasiwasi, na ni nani anaweza kuona akaunti. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoanguka kutoka mbinguni. Dizaina wa kuhoji angekaa na ile fomu kabla haijapigwa chapa, akauliza: mbona mzazi haoni pesa yake ikifika chuoni? Mbona sahihi ya mzazi iko, na ya chuo haipo? Kama kila kitu kinategemea kumuamini mtu mmoja mkubwa, huo ni mpango au ni maombi?

Sisi tulifundishwa kuheshimu, na ni vizuri. Mzee akisimama kwa harambee akasema mambo iko sawa, nani ataomba kuona karatasi? Unaonekana huna adabu. Lakini kuhoji karatasi si kumkosea mzee. Karatasi haina umri, haina ukoo, haiwezi kukasirika.

Kwa hivyo uende ama usiende?

Tuongee hesabu. Masta ya Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja. Ukijumlisha karo ya mgeni, viza na maisha ya London, unaongea makumi ya maelfu ya pauni. Tangu Januari 2024, mtu anayeenda kusoma masta ya darasani haruhusiwi kuandamana na mke, mume au watoto. Na ile ruhusa ya kubaki kutafuta kazi baada ya kumaliza imepangwa kushuka kutoka miaka miwili hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Kwa hivyo ile form ya "nitasoma nikifanya kazi, nirudishe pesa ya ng'ombe" inazidi kuwa ngumu kila mwaka.

Usidhani pia huko ni mbinguni. Mwaka wa 2024 walimu wa Goldsmiths wenyewe walikuwa wanavutana na uongozi juu ya mpango wa kufuta watu kazi. Mwaka huo huo, Oktoba, Moi Uni ilifungwa kwa sababu ya mgomo. Halafu mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma Kenya nzima wakagoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9. Kwa hivyo ukibaki, jua unaweza kuanza masta ya miaka miwili ukaimaliza kwa mitatu.

Njia yenye akili zaidi kwangu ni hii: kama ni lazima uende, enda kwa pesa ya wengine. Ufadhili wa Chevening unalipa masta ya mwaka mmoja Uingereza, karo, tiketi na pesa ya kuishi. Unahitaji angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili. Zile logo za bucha, kama ulitoa risiti na kuweka rekodi, anza kuzihesabu, zinaweza kuwa sehemu ya uzoefu. Kuna pia ufadhili wa Commonwealth. Hakuna ng'ombe anayehitaji kufa.

Na kabla usaini chochote, iwe cha London ama cha Annex, uliza: Pesa inaingia akaunti ya nani, na chuo kimethibitisha kwa barua yao wenyewe? Hii kosi inatambuliwa na tume ya vyuo vikuu hapa Kenya? Waliomaliza wako wapi leo, na naweza kuongea na wawili? Nikirudi, kuna mtu hapa atanihitaji, ama nitakuwa nimejifunza lugha ya mji mwingine?

Hilo la mwisho ndilo linanikosesha usingizi. Mse akienda kusomea kuhoji London, atahoji mambo ya London. Darasa litamwomba aelezee mitumba kwa watu ambao ndio waliitupa. Ni kazi nzuri, lakini maswali ya Eldoret yatabaki Eldoret bila mwenyewe.

Ndiyo maana nasema Moi Uni na Chuo Kikuu cha Eldoret wakae chini. Hawahitaji jengo jipya. Waanze na wanafunzi kumi. Muhula mmoja wafumue shati moja ya mitumba, waifuate kutoka soko la hapa hadi ilikoshonwa, halafu washone jibu lao kwa kitambaa cha Rivatex. Muhula mwingine wakae Iten na wanariadha, waunde kiatu ambacho ndani yake kimeandikwa majina ya waliokijaribu. Muhula wa tatu waandike upya fomu ya kupeleka mtoto majuu, kwa Kiswahili, ambayo kogo anaweza kuisoma na kujua pesa yake iko wapi usiku huo. Tume ya vyuo vikuu ipewe mtaala, ikague, iseme ndiyo ama hapana. Selby Mvusi alianza na vichache kuliko hivyo.

Haya, turudi kwa group. Anko bado anangoja, tiki mbili za bluu ziko hapo. Andika hivi:

"Anko, nikimaliza nitakuwa yule mtu anayeuliza pesa inaingia akaunti gani kabla hatujatuma. Na kabla nianze hata hiyo kosi, naomba kuuliza: hii ya mchango ni akaunti ya nani?"